Mzee Ondiek afe sura ya 9, au nimwache kwanza?

KalamuYaWinam: Hamjambo wakuu. Nina mswada wa riwaya, sura 24, maneno kama 60,000, mandhari ni Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, Kisumu. Mzee Ondiek anamlea Akinyi na kumfundisha kazi ya ziwa. Kufikia sura ya 9 binti anajua kushona nyavu tu. Hapo mzee anazama usiku akivua omena (dagaa wa ziwani), mwezi mpevu ukimulika maji. Mwili hauonekani. Sura ya 10 Akinyi anashika mashua, maisha yanaendelea. Waliosoma rasimu wanasema kifo hakiwagusi. Nimsogeze mbele au nisimuue kabisa?

Mhariri Kondele: Dada, mfufue kwanza. Andika muhtasari wa sura ya 10 hadi 24, mstari mmoja kila sura, Ondiek akiwa hai ila amevunjika mguu, yuko nyumbani. Mistari mingapi imebadilika? Kama ni miwili mitatu, kifo hicho ni pambo. Wengi huua hapo kwa sababu hadithi imepoa katikati. Msiba unaichangamsha kwa sura moja, kisha inapoa tena, na Akinyi hana tena wa kubishana naye.

Halafu orodhesha vilivyo kwa mzee peke yake: deni la injini, wanunuzi wanaomwamini, anachojua kuhusu baba wa binti. Kila kimoja ama kimfikie Akinyi kabla ya kifo, ama kipotee na kumgharimu waziwazi.

Jalupo: Mwezi mpevu? Omena huvuliwa gizani ili wafuate taa. Mwezi uking'aa taa haina kazi. Msomaji wa ufuoni atacheka, na akishacheka huwezi kumliza. Tena mashua ya omena haiendi na mtu mmoja. Wenzake walikuwa wapi? Mmoja wao lazima arudi na maelezo, na maelezo hayo yanaweza kuwa ya uongo.

KalamuYaWinam: Hapo nimeumbuka. Mwili nao? Nilitaka taharuki.

Mhariri Kondele: Mwili usipoonekana msomaji humngoja mtu. Arthur Conan Doyle alimwangusha Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Uswisi mwaka 1893, maiti haikupatikana, 1903 akamrudisha. Kama Ondiek harudi, funga mlango.

Jalupo: Wa kuufunga upo. Waluo wakikosa mwili huzika tunda la yago, yaani mwegea, badala yake. Kabla ya hapo kuna kulisubiri ziwa, vikao vya mchango, ndugu kuuliza mashua ni ya nani. Wewe umeruka yote hayo, ukamtia binti majini kesho yake!

Mwana Milimani: Mimi ningemuua sura ya 13, wakiwa wamekosana na hawajapatana. Na usimfanye mpole ghafla sura moja kabla, anatoa nasaha na kutabasamu. Msomaji husikia jeneza likipigwa misumari. Tukio lenyewe aya mbili zatosha. Uchungu uweke kwenye kitu kidogo, mathalani lile kopo lake la kutolea maji mashuani. Lionekane mara tatu kabla, likiwa kazini, bila kulisifia. Baada ya mazishi mtu mwingine alitumie kunywea uji.

KalamuYaWinam: Sura ya 13 basi, giza totoro. Deni la injini nitalifichua kwenye kikao cha mchango, mbele ya ndugu wote.

Jalupo: Na anayelidai awe ndiye mweka hazina.