Wasifu wa baba aliyependa utani: tuusomeje siku ya arobaini?

Mwana wa Newala

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Baba yetu alifariki dunia mwezi uliopita hapa Newala, na hitima ya arobaini imekaribia. Wazee wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa baada ya kisomo. Nimekwisha kuandika alikozaliwa, alikosoma, kazi yake ya ukarani wa mizani katika chama cha msingi, pamoja na mjane, watoto na wajukuu aliowaacha. Lakini kila nikiusoma ninaona kwamba ungeweza kuwa wa mzee yeyote, kwa kuwa baba tuliyemjua sisi hayumo.

Baba alikuwa mtu wa furaha. Msimu wa korosho ulipofika, sisi watoto tukiwa tumeinama chini ya mikorosho tukiokota na kutenganisha korosho na mabibo, yeye alipita katikati yetu ameshika gunzi la hindi kama kipaza sauti, akiitangaza kazi yetu jinsi Redio Tanzania ilivyotangaza mpira: nani amewahi korosho, nani amempiga chenga mdogo wake, nani anaikaribia ndoo. Korosho ilipotua ndooni alipaza sauti ya goli hadi majirani wakaitikia kutoka mashamba yao. Mama, ambaye si mwepesi wa kucheka, ndiye aliyekuwa mlinda mlango wetu.

Baba mdogo anasema habari za namna hii zitamshushia marehemu heshima mbele ya masheikh na wageni. Dada zangu wanasema tukiziacha, tutakuwa tumemsoma mtu mwingine. Naomba ushauri wenu.

Ustadhi, Lindi mjini

Wa alaikum salaam, na poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitaniana na masahaba zake, ila hata katika utani hakusema lisilo kweli. Tumefundishwa pia kutaja mema ya maiti wetu. Baba anayewafurahisha watoto wake wakiwa kazini ametenda jema, na sioni sababu ya kulificha. Sharti langu ni kwamba msiongeze chumvi, maana visa vya marehemu wacheshi hukua kila vinaposimuliwa, na mwisho mtamzulia maneno ambaye hawezi tena kujitetea. Usomeni wasifu huo baada ya dua, kwa ufupi.

Mama wa Masasi

Pole, mwanangu. Mimi ninamshangaa kidogo huyo baba mdogo, kwa sababu sisi watu wa Kusini hatujawahi kuona kicheko kuwa ni kosa msibani. Watani huja, huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na kudai chao kabla ya kuruhusu shughuli kuendelea, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka.

Marehemu baba yangu naye alikuwa wa aina hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kwenda Dar es Salaam ilitulazimu kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika magari yalinasa katika tope. Watu walipoanza kugombana na dereva, baba alishuka, akajitangaza kuwa mwenyekiti wa kijiji kipya na kuanza kugawa viwanja kando ya basi. Alimpa dereva kiwanja cha kona. Tulipomzika, abiria mmoja wa safari ile alifika na kutusimulia kisa hicho, nasi watoto tulikuwa hatujawahi kukisikia.

Kwa hiyo usiandike kwamba baba yako alikuwa mcheshi, kwani hilo husemwa kwa kila maiti. Andika lile gunzi. Tena waulize makarani wenzake na wakulima aliowapimia korosho, kwa sababu wanazo habari ambazo ninyi hamnazo.

Mvuvi wa Mikindani

Nakubaliana na waliotangulia, lakini baba mdogo naye asipuuzwe. Kuna utani wa shambani na kuna utani wa chumbani, na kuna uliowahusu watu ambao bado wako hai na watakuwa wamekaa pale mkekani. Kila anayetajwa aulizwe kwanza, akianza mama yako. Kama mnafuata taratibu za Kimakonde, wajomba wa marehemu wana sauti kubwa katika jambo hili. Wakiridhia wao, baba mdogo atatulia.

Mwana wa Newala

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama sehemu ya shambani. Amekaa kimya kwa muda, kisha akanisahihisha: hakuwa mlinda mlango, alikuwa refa, na baba alimlalamikia kila siku kwamba anapendelea watoto wa kike. Ameagiza iandikwe hivyo. Kesho nitakwenda kwa wajomba.

Mama wa Masasi

Nenda na mama yako, mwanangu, akawasimulie mwenyewe.