Mlioolewa, mliooa au mnaoishi Hispania: tupeane uzoefu wa majina yao ya ukoo

Mwana_Tanga: Wakuu, mtoto karudi na fomu ya shule inayotaka majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. Nikakumbuka nilipofika huku: jengo zima Fernández, González, Rodríguez, nikadhani nimepanga kwenye ukoo mmoja! Kumbe hiyo -ez ni "mwana wa": Fernando, Gonzalo, Rodrigo. Leteni yenu.

kipepeo88: Umesema kweli. Sánchez wa Sancho, Pérez wa Pedro.

Fundi_Saa: Na García je? Ndilo linaongoza kwa wingi Hispania nzima na halina -ez. Ni la Kibaski, lugha ya kaskazini mwa Hispania, maana yake dubu.

Mzee wa Hoja: Dubu kakuambia nani? Wataalamu wenyewe wanabishana, wewe unamaliza kesi.

Fundi_Saa: Lete lako basi, sio kupinga tu.

Mke_wa_Sevilla: Mmenitonesha. Mume wangu ni Expósito. Jumapili ya kwanza ukweni, nataka kuonekana mchangamfu, nikamuuliza baba mkwe mbele ya watu jina lao lina maana gani. Mzee alikuwa anamenya kamba. Hakunijibu, akaendelea kumenya na kuniwekea kwenye sahani, kamba juu ya kamba, mpaka wakawa rundo. Wifi akanivutia jikoni. Kumbe zamani kwenye kuta za nyumba za kulelea watoto kulikuwa na kasha la mbao linalozunguka. Unamweka kichanga, unagonga kengele, unalizungusha, masista wanampokea bila kukuona uso. Babu wa mume wangu alipitia humo. Wengi wao walibandikwa jina hilo, Kilatini cha "aliyewekwa nje". Mwaka 1921 serikali ikaruhusu wenye nalo kulibadilisha; babu akagoma. Nilitamani ardhi inimeze.

kipepeo88: Dah. Pole dada.

Mama Naima: Na wewe sasa ni Expósito?

Mke_wa_Sevilla: Hapana, huku mwanamke hachukui jina la mume. Mimi ni Mwakipesile mpaka kaburini. Wanangu ndio Expósito Mwakipesile.

Mzee wa Hoja: Tangulizeni la mama. Tangu 1999 sheria inaruhusu mkikubaliana, na tangu 2017 la baba halina tena kipaumbele cha moja kwa moja.

Mama Naima: Usithubutu! Babu kagoma kulifuta, wewe mkwe ndio ulisogeze nyuma? Utakula kamba peke yako.

Fundi_Saa: Tanguliza tu, tuone mwalimu wa Sevilla anavyoita "Mwakipesile" asubuhi.

Ksaveri_wa_Moshi: Samahani, la kwangu nalo ni la huko?

Mwana_Tanga: La huko kabisa. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari, alizaliwa 1506 kwenye ngome ya Javier (ndiyo Ksaveri hiyo), Navarra, kaskazini mwa Hispania. Jina la mahali, Kibaski cha "nyumba mpya". Na 1542 alipita Malindi akielekea Goa, India.

Ksaveri_wa_Moshi: Miaka yote naitwa nyumba mpya na bado napanga.

Mzee wa Hoja: Afadhali wewe. Mimi Juma, kila ofisi huku J wanaisoma H, wananiita Huma.

Fundi_Saa: Anza kuandika Yuma.

Mama Naima: Halafu pasipoti inasema Juma, akakwame uwanja wa ndege! Fundi, shauri zako peleka kwenye saa.