Bata wangu amepona mguu lakini wenzake wanamfukuza, nimrudishe aje?

mama_wa_mamboleo
Habarini wadau. Niko huku Mamboleo, Kisumu, nafuga bata kidogo nyuma ya nyumba, majike watano na madume wawili. Sasa jike mmoja, watoto wanamwita Zawadi, alianza kuchechemea nikadhani amekanyagwa, kumbe kumgeuza hivi naona chini ya unyayo kuna uvimbe na kigaga cheusi katikati. Daktari wa mifugo akaja akakitoa, usaha wenyewe mgumu kama punje ya mahindi, akamdunga antibayotiki na akanionyesha kumlowesha mguu kwa maji vuguvugu ya chumvi, kumpaka iodini na kumfunga bandeji. Wiki tatu na nusu amekaa stoo kwenye boksi la maranda na saa hii anatembea vizuri, kidonda kimefunga kabisa.

Jumamosi nikamtoa nikamweka tu na wenzake, maana ni hao hao alikua nao tangu wakiwa vifaranga. Yawa! Walimvamia kama hawajawahi kumwona, majike wanamdonoa shingo, dume akampanda akashindwa hata kuinuka. Nikamtoa mbio anatetemeka. Na jioni akisikia wenzake nje anawaita, na wao wanamjibu, hapo ndio roho inaniuma kabisa. Nifanye nini?

mkulima_lanet
Pole dada. Ngoja usiku, mwingize bandani gizani pole pole, asubuhi wakiamka watamkuta ndani wamnyamazie. Kuku wangu hapa Nakuru nawaingiza hivyo kila mara na sijawahi ona vita.

shamba_kakamega
Hiyo ya usiku ni ya kuku bro, bata hapana. Kuku giza likiingia haoni vizuri, ametulia kwa mti wake hata hajui nani ameingia. Bata usiku yuko macho nusu, anatembea, anasikia kila kitu, na banda likishafungwa huyo Zawadi hana pa kukimbilia mpaka asubuhi uje umkute ametobolewa kichwa. Tafadhali mama usijaribu.

Wiki tatu kwa bata ni mingi, wenzake walishapanga upya nani anatangulia kwa chakula na nani anafuata, kwa hivyo akirudi ni mgeni hata kama walilelewa pamoja. Mimi nilikuwa na jike aliyevunjika bawa, nilikata kipande cha waya ya kuku nikazungushia kona moja ya boma lao, akakaa humo ndani mchana kutwa anawaona wanamwona ila hawamfikii, na chakula niliweka karibu na waya pande zote mbili ndio wakule wakiwa bega kwa bega. Ilichukua kama siku sita hivi. Ya pili, na hii ndio ilinisaidia sana, usimwache humo pekee yake, chagua yule jike mpole kuliko wote umtie naye. Wakirudi wanarudi wawili, ile hasira haimwangukii mmoja.

Halafu madume wawili kwa majike watano ni wengi, na Zawadi akiwa stoo walibaki na wanne tu! Dume mmoja anatosha majike wanne au watano. Yule msumbufu (madume ni wale wenye nyoya limejikunja mkiani) mtenge kwanza, hata wiki mbili, mpaka jike apate nguvu ya mguu.

vet_mstaafu_bungoma
Naunga mkono ya waya. Ila mama, umeangalia manyoya? Bata ana tezi ya mafuta pale juu ya mkia, akioga ndio anachukua yale mafuta kwa mdomo anajipaka mwili mzima. Huyu amekaa wiki tatu bila kuoga, maji sasa yanaweza kupenya hadi kwa ngozi, ukimwachilia kwa dimbwi atalowa, atazama au ashikwe na baridi. Anza na beseni, maji kidogo, saa sita jua likiwa kali, dakika kumi umtoe akauke. Rudia kila siku mpaka uone matone yanateleza mgongoni.

Na mayai yake, muulize daktari aliyemdunga ni siku ngapi za kungoja kabla mle, dawa inaingia kwa yai. Sakafu yenu ni ya nini?

mama_wa_mamboleo
Asanteni sana jamani, daktari shikamoo. Sakafu ni simiti, fundi aliiacha na makwaruzo, sikujua ndio inawakata miguu. Nimemwaga maranda mengi na jana niligeuza wote saba nikaangalia nyayo, mmoja ana doa jekundu nimeanza kumpaka iodini mapema.

mama_wa_mamboleo
Narudi kuwaambia. Leo ni siku ya nane. Waya nimetoa asubuhi wakiwa wanakula sukuma na omena, Zawadi akatoka na yule mpole wake, jike mkubwa akamdonoa mara mbili hivi akaacha. Saa hii wako wote chini ya muembe wanajisafisha manyoya. Dume bado nimemfungia, naongeza wiki moja nione.

shamba_kakamega
Hapo sawa kabisa mama. Weka vyombo viwili vya maji, mbali mbali, asizuiliwe kunywa.