Fomu ya "hatuhusiki" kwenye darasa la sanaa: mzazi asaini?

Mama wa binti, Soweto, Mbeya
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Likizo hii nimemwandikisha binti yangu wa miaka 12 darasa la sanaa hapa mjini: kuchora, kuchonga mbao, kufinyanga. Pamoja na risiti nikapewa fomu. Sehemu kubwa haina shida. Inasema kuna patasi, kuna tanuri la kuchomea vyungu, mtoto avae viatu vya kufunika. Mstari wa mwisho ndio umenikaa kooni: "Mzazi hatadai fidia yoyote kwa madhara yatakayompata mtoto, hata kama yametokana na uzembe wa mwalimu."

Patasi ikimponyoka mwanangu mwalimu akiwa pembeni yake, hiyo ni ajali, nitampeleka zahanati na kesho atarudi darasani. Lakini mwalimu akienda kunywa chai akaacha watoto na tanuri lenye joto la mamia ya nyuzi, hapo sanaa imeingiaje? Kwa nini nimsamehe leo kosa ambalo hajalifanya bado?

Mwenye karakana, Kihesa, Iringa
Dada, ngoja nikujibu kama mtu mwenye darasa. Kuna wazazi wanaleta watoto na kandambili. Wengine wanaficha kwamba mtoto ana pumu, na humu ndani kuna tapentaini na vumbi la udongo mkavu. Niliulizia bima, bei niliyotajiwa ingenilazimu nipandishe ada mpaka nibaki na watoto wa matajiri tu. Kesi moja inatosha kunifunga. Fomu ndiyo ukuta pekee nilionao.

Mfuatiliaji wa sheria, Mbeya
Mkuu wa Kihesa, ukuta huo una ufa. Mtoto kwetu ni mtu wa chini ya miaka 18, ndivyo inavyosema Sheria ya Mtoto ya 2009, na kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu ambaye hajafikia umri hana uwezo wa kuingia mkataba. Kwa hiyo wanaowasainisha wanafunzi wenyewe wanapoteza wino. Akisaini mzazi, bado kuna swali kama anaweza kugawa haki ya kudai ambayo ni ya mtoto aliyeumia. Uingereza walishalifunga suala hili kwa sheria ya mwaka 1977: mfanyabiashara hawezi kujivua kwa karatasi dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake.

Mwenye karakana, Kihesa
Ya Uingereza hayanihusu. Niko Iringa.

Mfuatiliaji wa sheria
Sawa, njoo Iringa. Kifungu cha 23 cha hiyo hiyo Sura ya 345 kinaipa mahakama nafasi ya kuutangaza mkataba batili ukipingana na maslahi ya umma. Sisemi lazima utashindwa, nasema usilale usingizi juu ya fomu. Na fomu haikosi kazi kabisa: ukionesha kwamba mzazi aliambiwa hatari zilizopo na akakubali, hata ukishtakiwa una cha kusimamia.

Mchonga vinyago, Tukuyu
Mimi nilifundishwa na mjomba. Tezo ilinikata juu ya goti, kovu lipo mpaka leo. Hakuna aliyesaini chochote.

Mama wa binti, Soweto
Shikamoo mzee. Ila mjomba hakukutoza ada, na hakukuacha na tezo akaenda zake.

Mchonga vinyago, Tukuyu
Marahaba mwanangu. Ada hakutoza, nililima shamba lake. Kuniacha aliniacha mara nyingi sana, ndiyo maana kovu lipo.

Abiria wa kila wiki, Uyole
Mbona tiketi za basi zimeandikwa "kampuni haitahusika" na mnapanda?

Mama wa binti, Soweto
Hiyo ni mizigo, kaka. Begi nitanunua lingine.

Mwenye karakana, Kihesa
Basi nimewasikia. Maneno ya uzembe nayafuta kwenye fomu yangu, maana kweli tuliyanakili mtandaoni bila kuyapima. Kisanduku cha huduma ya kwanza kipo, na tanuri halitawashwa nikiwa sipo. Lakini swali la pumu linabaki, tena lenye kujibiwa kwa maandishi, na mtoto atakayekuja na kandambili siku ya kuchonga namrudisha nyumbani na ada hairudi.

Mama wa binti, Soweto
Ada irudi nusu.