Siku mbili Tarifa, Hispania: Tangier, nyangumi, magofu ya Bolonia au kaiti?

Mwanatanga

Wadau, salaam. Mwezi wa tisa nina semina Sevilla, na mke wangu atanifuata pamoja na binti yetu wa miaka 9. Semina ikiisha tunabakiwa na Jumamosi na Jumapili, tukaona tuzimalizie Tarifa, kile kimji cha pwani kwenye ncha ya kusini kabisa ya Ulaya bara. Kutoka Sevilla ni mwendo wa saa tatu hivi kwa basi, tutafika Ijumaa usiku. Gari hatukodi.

Nimesoma mpaka macho yanauma. Kuna boti ya saa moja kwenda Tangier, ng'ambo Morocco, unaondoka asubuhi unarudi jioni. Kuna safari ya kuangalia nyangumi katikati ya Mlango wa Gibraltar. Kuna magofu ya Kirumi ya Baelo Claudia kwenye ufukwe wa Bolonia, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Halafu kuna kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara, maana wanasema Tarifa ndiyo Paje ya Ulaya, kama ule ufukwe wetu wa Zanzibar. Mimi moyo uko Tangier. Mtoto anataka nyangumi. Mke wangu hataki boti yoyote. Mnaopajua, mngepangaje?

Salma_Sevilla

Kaka, kabla ya yote fungua pasipoti uangalie ile karatasi ya visa. Pale penye idadi ya kuingia pameandikwa nini: 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi? Kama ni 01, Tangier ifute. Ukipanda ile boti umeshahesabiwa umetoka Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye visa moja, na jioni ukishuka Tarifa huna visa tena, hata kama tarehe zake hazijaisha. Hapo hatujagusa masharti ya Morocco yenyewe kwa pasipoti yako, hayo nayo uyaulize upya.

Nimeishi huku miaka kadhaa na kila kiangazi nasikia mtu kaponea chupuchupu bandarini. Wakala wa tiketi hakuulizi. Kazi yake ni kuuza kiti.

Mwanatanga

Nimekwenda kuangalia sasa hivi. 01, zote tatu. Dada Salma, sijui nikulipe nini.

Baraza la Köln

Msimkatishe tamaa mtu. Mimi nilikwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nikala tajini Tangier, nikanunua viatu vya ngozi, saa mbili usiku niko Tarifa nakunywa kahawa. Bandari ya Tangier Ville iko chini ya mji mkongwe, unashuka unatembea kwa miguu. Ukiwa Tarifa unauona mlima wa Jebel Musa ng'ambo unakutazama, halafu usiende?

Salma_Sevilla

Una kibali cha kuishi Ujerumani, mkuu. Wewe hutegemei visa kurudi, unarudi kwa kile kikadi. Ndiyo tofauti yenyewe. Na kwa wenye ruhusa: kiangazi Tangier iko nyuma ya Tarifa kwa saa moja, kwa hiyo boti ya kurudi isomeni kwa saa ya bandari mliyopo. Hilo nalo linalaza watu ng'ambo.

Baraza la Köln

Kweli, la kibali sikulifikiria. Nimejirekebisha.

KaitiPaje

Niongee la kaiti maana ndiyo kazi yangu, nimefundisha Paje misimu kadhaa na Tarifa nimekaa kiangazi kimoja. Bwana Mwanatanga, kwa siku mbili usijaribu. Kujifunza mpaka usimame kwenye ubao unahitaji siku tatu hivi za upepo mzuri, na Tarifa upepo mzuri haununuliwi.

Kule kuna pepo mbili na zote zina majina kama watu. Levante hutoka mashariki, umekamuliwa na milima ya pande zote mbili za mlango wa bahari, unatoka kwa hasira na kwa kushtukiza. Pale ufukwe wa Los Lances, ule mrefu ulioanzia mjini, Levante unasukuma kuelekea baharini. Mwanafunzi akipotea anapotea upande wa Amerika. Poniente hutoka magharibi, wa baridi kidogo lakini mtulivu, na huo ndio walimu wengi wanaupenda kwa wanaoanza. Levante ukiwaka, wenye uzoefu huhamia Valdevaqueros, kilomita kama kumi kutoka mjini, ambako unapiga kwa ubavu.

Maji pia si ya Paje. Hapa kwetu unaingia na kaptula. Kule mwezi wa tisa bado utataka nguo ya mpira.

Kwa hiyo kaiti ichukueni kama tamasha la bure. Kaeni Valdevaqueros au Los Lances jioni, muwaone watu wanavyoruka. Mtoto atafurahi na hamtalipa hata senti.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu hapo juu kasema kweli. Nami niongeze la mzee. Sisi tumezoea pepo zenye adabu. Kaskazi ikiingia Desemba unajua utakaa nayo mpaka Machi, kusi nayo ina zamu yake, na majahazi yalikwenda Uarabuni na kurudi kwa kalenda hiyo. Levante hauna kalenda. Unaweza kupiga siku moja au wiki nzima, kisha ukanyamaza alfajiri kana kwamba haukuwapo. Niliwahi kupita mlango ule nikiwa kwenye meli za mizigo, na hata kule juu ya daraja la meli ulikuwa unautambua.

Kwa hiyo swali lako la "lipi bora" usilijibu ukiwa Tanga. Lijibu Jumamosi asubuhi dirishani. Levante ukiwa mkali boti ya Tangier inafutwa, na za nyangumi hazitoki. Magofu hayafutwi na upepo.

Nyangumi wenyewe msiwadharau. Pale maji ya Atlantiki yanaingia Mediterania kwa juu, na yale mazito yenye chumvi zaidi yanatoka kwa chini. Mchanganyiko huo unaleta chakula, na chakula kinaleta kila mtu. Pomboo na wale nyangumi weusi wenye kichwa cha duara wapo mwaka mzima, ni wenyeji. Orka, wale wakubwa weusi wenye mabaka meupe, huonekana zaidi Julai na Agosti, wanawafuata jodari. Mwezi wa tisa usimwahidi mtoto orka.

Salma_Sevilla

Shikamoo nahodha. Na hao wenye boti wakifuta kwa sababu ya upepo, kawaida wanakupa siku nyingine au wanarudisha hela, lakini uliza kabla ya kulipa. Safari ni saa mbili hadi tatu. Wekeni Jumamosi, ikifutwa mnakuwa na Jumapili ya akiba. Wengi hufanya kinyume.

Bi Mkunguni

Mke wako ana haki kuhusu boti, mwambie nimemuunga mkono. Mimi nilitapika kuanzia bandarini mpaka bandarini. Nyangumi niliwaona kwenye simu ya mume wangu.

Mchimba Vigae

Naona Bolonia inapitwa haraka, ilhali kwangu ndiyo sababu ya kwenda Tarifa. Mimi nimefanya kazi Kilwa Kisiwani, magofu ya pwani nayajua, na Baelo Claudia ilinikalisha chini.

Ulikuwa mji wa samaki. Ulianza mwishoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, ukatajirika kwa jodari waliotiwa chumvi na kwa garum, mchuzi wa matumbo ya samaki yaliyochachishwa juani, ambao Warumi walikuwa wakiumwagia kila chakula. Ukisimama pale leo unaona kitu ambacho magofu mengi hayana: kiwanda. Matangi ya kutilia chumvi yapo, ya mraba na ya mviringo, yamejengwa hatua chache kutoka kwenye mchanga, na juu yake mji mzima umepangwa: soko, mahakama, mahekalu, jumba la maonyesho lililoegemezwa kwenye mteremko. Mwenye pesa alikaa juu, harufu ikabaki chini. Kaizari Klaudio ndiye aliyeupa hadhi, ndiyo hilo neno la pili la jina.

Na jodari hao hawajakoma. Kila majira ya kuchipua wanatoka Atlantiki kwenda kuzaa Mediterania, wanapita ukingoni mwa pwani ile, na wavuvi wa Barbate, Zahara, Conil na Tarifa wanawategea kwa almadraba. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana: ni wando, ule uzio wa kutegea samaki, isipokuwa badala ya fito ni nyavu zilizotiwa nanga, na badala ya changu ni samaki wa kilo mia mbili. Jina ni la Kiarabu, mahali pa kupigia. Msimu wake unakwisha kiangazi hakijakolea, kwa hiyo Septemba hamtauona, ila hotelini jodari mtamkuta.

Mambo ya vitendo: Jumatatu pamefungwa, na Jumapili wanafunga mapema, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku. Kiingilio ni kidogo sana. Bila gari mtahitaji teksi, na patana naye arudi kuwachukua, usitegemee kuipata pale. Mwisho wa ufukwe kuna kilima cha mchanga cha zaidi ya mita 30 kinachohama kidogo kidogo na kuumeza msitu wa misonobari. Mtoto hatatoka pale kwa hiari.

Baraza la Köln

Hivi Tarifa na "taarifa" ni neno moja? Nilisikia bei za forodha zilianzia pale, ndiyo maana Wazungu wanaziita tariff.

Mchimba Vigae

Hapana, ingawa watembeza wageni wanaipenda sana hadithi hiyo. Mji umepewa jina la mtu, Tarif ibn Malik, aliyevuka kutoka Afrika mwaka 710 kupeleleza, mwaka mmoja kabla ya Tariq ibn Ziyad aliyekuja na jeshi. Taarifa yetu na tariff yao zinatoka kwenye shina jingine, lile lile la arifu na maarufu. Majirani wa sauti, si ndugu.

Ngome iliyopo mjini ilijengwa baadaye, kwa amri ya Abd al-Rahman III, mwaka 960. Mwende. Kutoka kwenye kuta zake Morocco inaonekana vizuri kuliko kwenye boti.

Mpita Njia

Naandika kidogo tu. Mkiutazama ule mlango wa bahari kwa uzuri wake, kumbukeni ni makaburi pia. Novemba 1988 maiti ya mtu aliyejaribu kuvuka kwa kimashua ilikutwa ufukweni Los Lances, na wapo wengi waliofuata. Kwenye makaburi ya Tarifa kuna sehemu za waliozikwa bila jina. Nilipita nikasoma Fatiha nikaondoka. Sisemi mwende na mtoto.

Salma_Sevilla

Ahsante kwa kulitaja.

Mwanatanga, la chakula nisisahau: jikoni nyingi zinafungwa mchana baada ya saa kumi na hazifunguki mpaka saa mbili na nusu usiku. Mtoto mbebee kitu. Na Levante ukipiga msihangaike na Los Lances, mchanga unachapa miguu kama fimbo. Ingieni kwenye vichochoro vya mji mkongwe, kuta zinakata upepo, wenyeji walijua walichokuwa wakijenga.

Mwanatanga

Nimerudi Tanga juzi, nikaona si vizuri kunyamaza.

Jumamosi alfajiri niliamshwa na dirisha. Levante. Nahodha, nilikukumbuka. Bandarini ubao umeandikwa imefutwa, boti za Tangier na za nyangumi pia, watu wamekaa juu ya mabegi. Mke wangu alikuwa na furaha ambayo hakujitahidi kuificha.

Tukachukua teksi kwenda Bolonia. Mchimba Vigae, nimekaa juu ya yale matangi nusu saa. Binti alitaka kujua kama harufu ilikuwa kama ya soko la samaki la Deep Sea kwetu Tanga, nikamwambia zaidi. Kilima cha mchanga hatukukiweza, tulipanda robo tukarudi tumefumba macho, masikio yamejaa. Kosa letu lilikuwa la teksi: tulipatana kwa kuoneshana vidole na dereva akaelewa saa nyingine. Tulisubiri pale mgahawani karibu saa mbili, bili ya soda ikapita kiingilio cha magofu mara kadhaa.

Jumapili bahari imelala kama si ile ya jana. Waliturudishia nafasi zetu za nyangumi, nikaenda na mtoto peke yetu. Tuliwaona pomboo wengi, kisha wale weusi wa kichwa cha duara, kundi zima na kitoto chao, wakapumua karibu na boti mpaka tukarushiwa maji. Orka hakuna, na sikuwa nimeahidi.

Jioni tulitembea kwenye ile njia ya mawe inayokwenda kisiwa cha Las Palomas. Lango la kisiwa limefungwa, ila njia yenyewe inatosha: kushoto Mediterania, kulia Atlantiki, na upande mmoja una mawimbi, mwingine hauna. Mke wangu alikaa katikati akasema hapa ndipo angekaa siku zote mbili.

Nahodha Mstaafu

Karibu nyumbani. Na jodari ulimla?

Mwanatanga

Nilimla, mzee. Wanamchoma juu juu, ndani wanamwacha mwekundu. Mke wangu alimrudisha jikoni mara mbili, mara ya tatu mpishi akatoka mwenyewe kuja kututazama.