Naomba ushauri: silika haishiki kwenye chembe zangu za sumaku

Binti wa Uyole
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Mbeya, mwaka wa mwisho. Natengeneza chembe nano (ndogo mno) za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, nizivike silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, halafu zinase zebaki kwenye maji. Nimekulia Chunya. Nimeona zebaki ikikamatishwa dhahabu na mikono mitupu, karibu na maji tunayochota, kwa hiyo mradi huu unanikaa moyoni.

Magnetaiti ilitoka nyeusi, inavutwa vizuri. Nikaikausha kwenye oveni, nikaisaga, nikaitia kwenye ethanoli, maji na amonia, nikamimina TEOS (kimiminika kinachozaa silika), nikaiacha saa nzima kwenye beseni la ultrasaundi, linalotikisa kwa mawimbi ya sauti. Nikijaribu kwa asidi ya haidrokloriki, kimiminika kinageuka njano. Chuma kinayeyuka, maana yake hakijafunikwa. Nimerudia mara 3. Nakosea wapi?

Mzee wa Maabara
Marahaba mwanangu. Kosa lipo kwenye oveni. Chembe zikishakauka zinang'ang'aniana, na beseni halina ubavu wa kuzitenganisha zote. Unavika mabonge, bonge likimeguka, asidi inapata pa kuingilia. Usikaushe kabisa. Zioshe kwa maji huku ukizivuta kwa sumaku, zibaki majimaji, kisha zipitishe kwenye sitrati ya sodiamu (chumvi ya asidi ya ndimu) zipate chaji hasi, zisukumane.

TEOS nayo idondoshe taratibu. Ukiimwaga kwa mkupuo, silika inajijengea vijipira vyake pembeni na chuma kinabaki uchi.

Fundi Vipimo
Naongezea kwa Mzee. Kazi ya ultrasaundi hufanywa na vipovu: vinazaliwa kwenye kimiminika, vinakua, vinabomoka, na pale vinapobomoka joto hufika maelfu ya nyuzi kwa kitambo kidogo mno. Hapo ndipo chembe zinapotawanyika. Lakini beseni zima nalo linapata moto. Saa nzima mfululizo, amonia inaruka, na magnetaiti ikikutana na joto na hewa inaelekea kuwa maghemaiti, oksidi nyingine ya chuma, ya kahawia. Tia barafu, washa dakika chache, pumzisha, washa tena.

Binti wa Uyole
Kweli beseni lilikuwa la moto. Wakati wa kudondosha TEOS, kikorogeo cha sumaku kinafaa?

Mzee wa Maabara
Hapana! Chembe zote zitakimbilia kwenye kile kijiti. Tafuta cha kukorogea kutoka juu, chenye mapanga.

Mama Kemia
Dada, silika peke yake hainasi zebaki ya kutosha. Zebaki hupenda salfa, ndiyo maana hata mwambani hupatikana kama sinaba, yaani zebaki na salfa. Juu ya silika weka tabaka la silani (kemikali inayojishika kwenye silika) yenye thaioli, yaani kundi lenye salfa. Muulize msimamizi wako mapema kama ipo stoo. Na TEOS ifungulie kwenye kabati lenye feni ya kuvuta mvuke, inaumiza macho.

Binti wa Uyole
Thaioli haikuwemo kabisa kwenye mpango wangu. Asanteni sana. Kesho asubuhi naanza upya na magnetaiti mbichi, nitaleta hapa picha ya jaribio la asidi.