Fundi wa majiko wa hapa Njombe, leo umenidhalilisha mbele ya mama mkwe

Wakuu, naandika mikono inanuka moshi. Wa hapa mjini mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye mzula kichwani hata Desemba.

Baridi ya Julai mnaijua, unapiga mswaki meno yanagongana yenyewe. Jiko la mkaa ndani sitaki, hewa yake haina harufu, unalala mzima unaamshwa na tarumbeta la mwisho. Nikamwambia fundi: nataka jiko la kuni la sebuleni, chuma kizito, mlango unaofunga, bomba lipande mpaka lipite kofia ya paa. Sebule yangu hatua tano kwa nne.

Akaniletea pipa zima la lita 200! Dude la kupasha joto kanisa na kwaya yake. Bomba akalipiga kona mbili, akalitoa dirishani, likaishia chini ya upenu. Moshi nao una akili, ulirudi kwa aliyeulipia.

Mama mkwe kaja jana kutoka Makete. Nawasha, dakika tano simwoni, nasikia kikohozi tu. Nampigia fundi, anakuja, anaangalia ukuta, anaangalia dari, ananiangalia mimi. Mbele ya mama mkwe anasema: "Bosi, jiko halina shida. Hili ni jiko la watu wenye nyumba."

LA WATU WENYE NYUMBA. Kwani mimi naishi bandani na kuku? Na mama mkwe akaguna, "Mh." Laki nne na nusu yangu, halafu la watu wenye nyumba!

Mzula Mweusi: Siti ya mbele hapa. Karanga ziko wapi?

Kiazi Mviringo: Mkuu, kuni zilikuwa kavu? Isije ikawa umechoma paina lililoangushwa juzi. Kuni mbichi hata jiko la Ikulu litatoa moshi. Pasua, panga penye upepo, uziache miezi sita na zaidi.

Mleta uzi: Ni miwati ya mwaka jana, ukizigonganisha zinalia kama kengele! Usimtetee. Kaniambia la watu wenye nyumba.

Mtoto wa Mbagala: Mnagombana kisa moto? Njooni huku, joto bure, mnapewa na mbu juu.

Mkwe Mwema: Baada ya "Mh" alisema nini? Usituruke hapo.

Mleta uzi: Hakusema kitu. Kahamia jikoni, anaota moto kwenye mafiga.

Mzula Mweusi: 😂😂😂 Mafiga yamemshinda pipa!

Nipo Ughaibuni: Huku Norwei majiko ya kuni yamejaa majumbani. Kosa lako ni ukubwa. Jiko kubwa kwenye chumba kidogo utalibana hewa lisikuunguze, kuni zitafukuta, masizi yatajaa bombani, siku yakishika moto utalala nje. Chukua dogo liwake kwa nguvu, na bomba linyooke, kila kona inaua mvuto.

Mtoto wa Mbagala: Huyu naye na Norwei yake. Tuma nauli kwanza ndipo utufundishe kuwasha moto.

Kiazi Mviringo: Kuhusu kona kasema kweli lakini. Na dari ya mbao bomba lisiiguse.

Mama Pacha: Afadhali nyie moshi. Fundi cherehani wangu kakaa na gauni la sendofu ya mdogo wangu tangu Pasaka, kila siku "kesho dada". Leo nimeliona sokoni. Kalivaa mke wake!

Mzula Mweusi: Weeee! Kalivaa?

Mkwe Mwema: Lilimkaa?

Mama Pacha: Hilo ndilo linaloniuma. Lilimkaa kuliko mdogo wangu.

Mleta uzi: Jamani, tumalize la jiko. La watu wenye nyumba, hivi mnalielewa hilo neno?

Kiazi Mviringo: Subiri kidogo mkuu. Mama Pacha, gauni lenyewe rangi gani? Nadhani nimepishana nalo kwenye viazi.